Sura ya 6: Besdei ya Mtoto Bila Kuumwa Kichwa

Swali hili utalisikia kwenye benchi la kliniki, ndani ya bajaji kati ya Mwanga na Ujiji mjini Kigoma, na zaidi jikoni, mama akichambua mchele: "Mwanangu anatimiza miaka mitano mwezi ujao. Nitaifanyaje hiyo besdei bila kukopa, bila kuchoka na bila kununiwa na majirani?"

Lisikilize vizuri. Kuna fedha, kuna nguvu, kuna majirani. Mtoto mwenyewe hayumo, na hapo ndipo shughuli nyingi za watoto zinapoharibikia. Tunazipima kwa kipimo cha harusi: turubai, spika, mshereheshaji, sare, kamati, keki ya ghorofa tatu. Saa ya keki ikifika, mwenye siku yake amelala begani kwa bibi, au analia kwa sababu kola ya suti inamkaba.

Mtoto wa umri huo anataka wenzake, kitu kitamu, mchezo, na kuona kwamba leo anasikilizwa yeye. Si vitu vingi, na Kigoma vyote vinapatikana kwa bei ya kawaida. Vinavyobaki ni vyetu sisi watu wazima. Si vibaya kuvitaka, ila tukubali kwamba ni vyetu na tuvitengee fedha yake mbali.

Kwani ni lazima?

Si lazima. Ujiji ni mji wa zamani wa misafara, na wafanyabiashara wa pwani waliofika huko karne ya 19 walikuja pamoja na Uislamu. Familia nyingi zina sherehe ya mtoto tangu zamani: akika, yaani kumchinjia mtoto mchanga, kwa kawaida siku ya saba, mbuzi wawili kwa wa kiume na mmoja kwa wa kike, nyama ikaliwa na ndugu na nyingine ikagawiwa. Nyumba iliyokwisha kufanya akika haidaiwi keki na mtu. Wapo masheikh wasioikubali besdei kabisa, na zipo familia za Kiislamu zinazoifanya kwa dua na sinia la ubwabwa bila mishumaa. Kama baba na mama hamjaafikiana, malizaneni kabla mtoto hajalisikia neno keki. Akishalisikia, kesi imekwisha na mshindi ni yeye.

Mishumaa kwenye keki ya mtoto ni desturi iliyokuzwa na Wajerumani katika karne ya 18. Wimbo unaoimbwa duniani kote ulitokana na tuni ya dada wawili Wamarekani, Patty na Mildred Hill, iliyochapishwa mwaka 1893. Ni vitu vya kupendeza, lakini asiyevitumia hajavunja mila ya mtu yeyote wa Kigoma.

Na yule wa mwaka mmoja? Huyo hajui lolote. Sherehe yake ni ya wazazi wanaoshukuru kwamba mtoto amevuka mwaka, na ni haki yao. Dua, chakula cha familia, picha moja nzuri, basi.

Tarehe: mtoto hasomi kalenda

Tarehe halisi ipo kwenye kadi ya kliniki na kwenye cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Hiyo itunze. Siku ya shughuli ni jambo jingine. Siku yenyewe mwamshe mtoto kwa pongezi, mpe chai ya maziwa na andazi la moto, mwambie Jumamosi fulani wenzake watakuja. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba hilo linatosha kabisa.

Basi Jumamosi ipi? Kando ya ziwa, cha kwanza kuangalia ni mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa na migebuka huvua usiku kwa taa, maana mwanga huwakusanya samaki karibu na wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika. Tuseme baba anavua Katonga. Siku za giza anatoka jioni, anarudi alfajiri, mchana kutwa amelala. Fedha zipo, yeye hayupo. Mbalamwezi ikiingia yupo nyumbani, na kilichopatikana siku za giza bado hakijaisha. Kwa familia hiyo Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu ndiyo besdei, hata kama mtoto alizaliwa siku kumi kabla.

Kuna pia kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu bila mapato ya ziwa si kitu kidogo, na hakimgusi mvuvi peke yake: mama anayeanika dagaa, kijana anayebeba ndoo, mwenye duka la nyavu, wote wanasubiri. Mtoto wa Julai katika nyumba kama hiyo afanyiwe maandazi na hadithi barazani, na kama kuna shughuli kubwa, ingoje Septemba. Mtoto akiuliza, mwambie ukweli: ziwa likifunguliwa. Watoto wa pwani hii wanaelewa lugha hiyo mapema.

Waajiriwa kalenda yao inajulikana: mwisho wa mwezi, baada ya mshahara na kabla ya madeni kuusikia.

Halafu mvua. Kigoma hunyesha tangu Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi. Mtoto wa Desemba anahitaji paa, iwe sebule, baraza pana au turubai la kuazima. Usiutegemee uwanja. Mwezi wa Ramadhani usifanye besdei ya mchana, hata kama nyumbani kwako hamfungi, kwa sababu wengi kati ya watoto utakaowaita wamefunga au wanajifunza kufunga, na kuwawekea keki mbele si ukarimu.

Saa: jua la hapa si la Dar

Kigoma na Dar es Salaam zina saa moja, lakini Kigoma ipo magharibi zaidi, kwa hiyo jua huzama hapa karibu dakika 40 baadaye. Anayenakili ratiba ya sherehe za Dar hulisahau hilo. Jua la Kigoma huwa utosini kwenye saa saba mchana. Kadi inayosema "saa nane kamili" inawaita watoto kwenye joto kali, tena saa ambayo wadogo wao wanatakiwa kulala.

Anza saa kumi na nusu. Alasiri imeshaswaliwa, kivuli kimerefuka, na wanafunzi wa madrasa wenye kipindi cha mchana wengi wameachiwa. Maliza saa kumi na mbili na nusu. Bado kweupe, watoto wanarudi makwao kwa usalama, na Magharibi imekaribia, kwa hiyo hakuna mtu mzima atakayeomba "dakika kumi tu" zaidi. Adhana itakufungia shughuli bila wewe kumfukuza mtu. Saa mbili zinatosha. Inayozidi hapo hugeuka ugomvi na vilio.

Ratiba yangu ni hii, na sijaona sababu ya kuirefusha:

- Saa 10:30: kuwasili, maji ya kunywa, mchezo wa kuzunguka usio na mwanzo wala mwisho, ili aliyechelewa aingie tu.
- Saa 10:50: michezo ya kukimbia.
- Saa 11:20: kunawa na kula.
- Saa 11:50: keki na picha.
- Saa 12:10: vitendawili wakiwa wamekaa, kisha bahasha ya kuondokea na kwaheri.

Chakula kinatangulia keki kwa makusudi. Mtoto wa miaka minne akishaila keki, ubwabwa atauchezea tu. Kama wageni wako wote wako chini ya miaka mitatu, hamisha shughuli nzima asubuhi, saa nne hadi saa sita kasoro, kabla hawajasinzia.

*Kwa ufupi: chagua siku kwa kuangalia mapato, mwezi, mvua na ibada. Chagua saa kwa kuangalia jua na usingizi. Ukikosea vyote viwili, keki haitakuokoa.*

Wageni, na watoto wa mlangoni

Kuna kanuni inayosambaa kwamba idadi ya watoto wa kualika iwe miaka ya mtoto kuongeza mmoja: anayetimiza mitano aalike sita. Labda inafaa kwenye nyumba yenye geti la chuma. Kwa Rusimbi au Kasingirima, ambako ua wa mtu unaweza kuwa njia ya mtaa mzima, kanuni hiyo haifiki jioni. Harufu ya pilau haisubiri kadi.

Kwa hiyo panga mafungu mawili. Wa ndani ni wale uliowaita kwa majina: marafiki wa darasani, binamu, watoto wa majirani wa karibu. Kumi hadi kumi na watano wanatosha. Hao ndio wenye michezo na bahasha ya kuondokea. Fungu la pili ni watoto wa mlangoni, wale utakaowaona wamejipanga ukutani dakika kumi baada ya kelele kuanza. Kosa kubwa la wenye shughuli ni kujifanya hawatakuja, halafu wanapokuja kumtafuta kijana mwenye fimbo awafukuze. Mtoto kusimama anatazama wenzake wanakula ni aibu ya nyumba, si yake.

Wahesabu mapema. Angalia nyumba zinazokuzunguka, hesabu watoto waliomo, ongeza watano. Wapikie maandazi ndoo moja na juisi, na wakati wa kula nao wapewe, wakae kwenye mkeka wao au waunganishwe kwenye masinia kama nafasi ipo. Wakishakula, wengi wataondoka wenyewe. Gharama yake ni kilo mbili au tatu za unga, nayo ni ndogo sana ukilinganisha na maneno ya mwaka mzima.

Ukitaka wawe wachache, punguza sauti. Spika kubwa ndiyo kadi ya mwaliko inayofika mbali kuliko zote: ukiifungulia Buzebazeba, hadi Katubuka watajua una keki. Watoto kumi na watano hawahitaji zaidi ya kispika cha simu. Ukiona huwezi kuacha spika, mjulishe mwenyekiti wa mtaa na majirani mapema, hasa nyumba yenye mgonjwa au matanga.

Wanaopandisha gharama, kusema kweli, ni watu wazima. Mtoto anakaa mkekani, mtu mzima anataka kiti. Mtoto anakunywa juisi, mtu mzima anauliza soda baridi iko wapi. Waite wachache na kila mmoja mpe sababu. Kwa mama mkwe: "Shikamoo mama. Jumamosi saa kumi na nusu tunamkatia mjukuu wako keki. Ni ya watoto, ila wewe tunakuhitaji umwombee dua." Kwa jirani: "Dada, Jumamosi nina kashughuli kadogo ka mtoto. Nimeita wa darasani kwake tu, lakini wanao waje saa kumi na moja na robo, nimewapikia." Jirani aliyeambiwa mapema hanuni. Anayekuja kuambiwa na moshi wa jiko lako ndiye anayenuna.

Kuhusu michango, msimamo wangu ni mkali: usichangishe besdei ya mtoto. Mchango huja na mchangaji, na mchangaji ana haki ya kiti, sahani iliyojaa na maoni juu ya keki. Utajikuta umeandaa shughuli ya watu arobaini wazima kwa jina la mtoto wa miaka mitano.

Fedha yenyewe ipange kabla ya kumwambia mtu yeyote. Andika kiasi ambacho kikitumika chote, ada haitaguswa na chakula cha wiki inayofuata kipo. Hicho ndicho kikomo. Sehemu yake moja ya kumi iweke kando kwa dharura, maana gesi huisha siku hiyohiyo. Kilichobaki kianzie kwenye chakula, kisha keki, na mapambo yaje mwisho.

Sinia, juisi na gauni jeupe

Sinia linaokoa mambo mengi kwa pamoja. Watoto sita kwenye sinia moja hawahitaji sahani sita wala vijiko sita, wanakula kwa kushindana na aliyezoea kudeka nyumbani anasahau kudeka. Pika kitu kimoja. Pilau au ubwabwa na nyama, kachumbari isiyo na pilipili, basi. Mama anayetaka pilau, chipsi, sambusa, kuku na bagia siku moja ataimalizia besdei jikoni, na mtoto atamkumbuka kwa harufu ya mafuta.

Makadirio ya jikoni ni haya. Kilo tatu za mchele na kilo moja na nusu ya nyama hulisha watoto thelathini hivi. Kilo ya unga hutoa maandazi ishirini na tano ya ukubwa wa kawaida, ukikata madogo hufika thelathini. Juisi lita 10 ni vikombe hamsini vya mililita 200. Keki ya kilo mbili hukatwa vipande vidogo ishirini na tano bila shida, na mtoto hahitaji kipande kikubwa zaidi.

Dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakakauka ni kitafunwa kizuri kuliko vingi vya pakiti, na watoto wa hapa huwatafuna kama bisi. Mgebuka ni mtamu, lakini kwa wadogo lazima mtu akae atoe miba, na siku hiyo hutakuwa na mtu wa kazi hiyo. Sombe, yaani kisamvu, na maharage ya mawese viache kwa siku nyingine. Si kwa ubaya wa chakula, ila watoto wamevaa meupe, na doa la mawese kwenye gauni jeupe mama yake atakukumbushia hadi Idi.

Hapa pana jambo la uzito zaidi. Maji ya juisi yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa. Pwani hii inakijua kipindupindu. Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walijaa kijijini Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, kwa maelfu. Ugonjwa ukalipuka na kuua watu, huku meli kongwe ya MV Liemba ikitumika kuwahamishia mjini. Besdei si kambi ya wakimbizi, lakini mikono thelathini kwenye masinia matano ni mikono mingi. Weka ndoo ya koki na sabuni mahali ambapo hakuna njia ya kufika kwenye sinia bila kuipita, na msichana mmoja mkubwa asimamie hapo.

Vitu vya kumkaba mtoto koo ni vya kuangalia kwa wale wa chini ya miaka mitano: karanga nzima, pipi ngumu na vipande vya maputo yaliyopasuka. Vipande hivyo viokote mara moja, kwani mtoto huvivuta mdomoni kama big'jii. Asali, ambayo mkoa huu unayo nzuri sana, asipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata kwa kuonja. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga halijaweza kuvizuia. Na unapomwalika mtoto, muulize mzazi kama ana mzio, yaani kama kuna chakula ambacho mwili wake hukikataa kwa kuvimba, kuwashwa au kubanwa na pumzi.

Michezo isiyonunuliwa

Huhitaji kukodi kasri la upepo. Unahitaji vijana wawili wa sekondari wenye sauti na subira, mjomba mdogo na shangazi mdogo, ambao kazi yao siku hiyo ni michezo peke yake. Wape orodha jana yake. Wasitumwe sokoni.

Mchezo wa nyama-nyama unafaa sana kuanzia. Kiongozi anataja mnyama. Kama analiwa wote wanaruka, kama haliwi wanabaki chini. Ukiwa Kigoma uhamishie ziwani: dagaa, ruka, kuhe, ruka, sangara, ruka, mtumbwi, atakayeruka anacheka na kuchekwa. Watoto wa Kibirizi wanawajua samaki kuliko anayewaongoza, na ubishi utakaozuka juu ya samaki fulani ni sehemu ya raha.

Baada ya hapo rede kwa wanaoiweza, kuvuta kamba, mbio za gunia, kukimbia na ndimu kwenye kijiko. Wataalamu wa malezi husema mtoto huweza kusisimka kupita kiasi, maana yake kelele na mambo mengi humzidi hadi anaanza kulia au kupiga wenzake bila sababu inayoonekana. Dawa yake ni kubadilisha mwendo kabla hajafika huko. Ukiona nyuso zimekuwa nyekundu kwa vumbi na sauti zimepanda, kaa chini, ita "Kitendawili!" na wote watajibu "Tega!" Dakika tano za hivyo hurudisha utulivu ambao hakuna mayowe ya mtu mzima yatakayourudisha.

Michezo ya kumtoa anayeshindwa, kama ule wa viti, ni kwa wa miaka minane kwenda juu. Mdogo akitolewa haendi kukaa pembeni kimya, anakwenda kushtaki kwa mama yake. Na kama mwenye besdei ana mdogo wake au mtoto wa jirani anayeona wivu, mpe cheo: yeye ndiye mgawa maputo. Atasahau wivu.

Ziwani au nyumbani?

Ziwa linavutia, na fukwe zipo. Ufukwe wa Jakobsen upande wa Katonga una maji maangavu na mchanga safi, na hulipiwa kiingilio. Wengine huenda Bangwe au Kibirizi. Kwa mtoto wa kumi na miwili na wenzake watano ni matembezi mazuri sana.

Kwa watoto wadogo nasema hapana. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na sehemu nyingi ardhi huporomoka ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni. Kuna sehemu zenye mamba. Kuna kichocho, ugonjwa wa minyoo inayoingia kupitia ngozi kwenye maji yenye konokono wanaoibeba, hasa penye majani na maji yaliyotulia. Muhimu kuliko yote, kulinda watoto kumi na watano majini si kazi ya mtu anayekata keki. Ukiamua kwenda, ateuliwe mtu mzima anayejua kuogelea ambaye hali, hapigi picha na hashiki simu, na watoto waingie wachache wachache. Ukikosa mtu wa hivyo, waache wajenge nyumba za mchanga, maji yaonekane kwa mbali.

Keki, simu, maji na mayai

Kulishana keki kumerefuka siku hizi. Anaitwa babu, anaitwa mjomba, anaitwa mwalimu, kila mmoja na picha yake, na watoto wamekaa nusu saa wanatazama keki ambayo hawaruhusiwi kuigusa. Uma ni uleule mmoja kwenye midomo ishirini. Fupisha: mtoto amlishe mama, baba na bibi, kila mmoja kwa kijiko chake, kisha kisu kipite na vipande vigawiwe. Mpiga picha awe mmoja. Mtoto akikataa kutabasamu, mwache. Picha ya uso alionao siku ile itakuwa nzuri baada ya miaka kumi.

Watoto wakubwa watataka kummwagia maji mwenzao, na wengine watakuja na unga na mayai mfukoni. Amua mapema na utangaze mapema. Maji yaruhusiwe mwishoni, nje, nguo za kubadili zikiwa tayari, na kama mwenyewe amekubali. Unga na mayai havifai: yai machoni linauma, na unga ni chakula.

Zawadi za kuondokea zitie kwenye bahasha za kaki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo hata kama utaipata mahali, usiwatembeze watoto wa watu nayo barabarani. Andazi moja, pipi laini mbili na penseli vinatosha. Bahasha zote zifanane, maana watazilinganisha kabla hawajafika kona ya kwanza.

Kesho yake

Masinia, masufuria na mikeka ya shughuli kama hii mara nyingi huwa ya kuazima. Siku ya kuvichukua, andika kwenye daftari nani katoa nini, na funga kipande cha kitambaa au uzi wa rangi kwenye mkono wa kila sufuria. Usiku huo usioshe kitu, loweka, lala. Asubuhi amka na wale vijana wawili, mwoshe, mhesabu kwa daftari, na mtoto mwenyewe mwenye besdei abebe vile vyepesi apeleke nyumba kwa nyumba aseme asante. Vyombo virudi kabla ya adhuhuri, na kilichovunjika kilipwe bila kusubiri kuulizwa, kwa sababu mwezi ujao kuna mtoto mwingine mtaani atakayevihitaji.